Barua Zenu: Mfalme wa Kura

Mwezi uliopita niligusia kwa sentensi mbili tu habari ya nchi za kujitangazia zinazofikiria kuchagua wafalme wao kwa kura. Sikutarajia barua. Zimekuja 17, na nyingine ni ndefu kuliko safu hii. Nimechukua nne zinazobeba maswali ya wengi, na ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa.

Kwa msomaji ambaye jambo hili ni geni kwake: nchi ya kujitangazia ni kundi la watu, mara nyingi makumi machache, waliotangaza kwamba wao ni nchi. Wana katiba, bendera na daftari la raia, lakini hakuna dola inayowatambua. Wako wanaoziita vijinchi. Mimi silitumii neno hilo. Nimekuwa raia wa mojawapo kwa miaka 12, na kwa miaka 9 kati ya hiyo ndiye niliyeshika daftari la wapiga kura. Nimeona watu wakikesha kwa ajili ya kifungu kimoja cha katiba, na nimeona wanavyoumia kinapoandikwa vibaya.

*Shikamoo Mwalimu. Nchi yetu ya kujitangazia ina raia 58. Mwanzilishi wetu ndiye mfalme tangu siku ya kwanza. Sasa anasema amechoka, na watoto wake hawataki kurithi. Baraza limeamua tupige kura ya maoni. Swali ni hili: "Je, unakubali nchi yetu iwe na ufalme wa kuchaguliwa, ambapo mfalme atachaguliwa na raia wote kwa kipindi cha miaka 7 na anaweza kuchaguliwa tena?" Ndiyo au Hapana. Kaka yangu, ambaye naye ni raia, anasema mfalme wa kuchaguliwa ni rais aliyevishwa taji, heri tuwe jamhuri tujue moja. Mimi naupenda ufalme wetu lakini nashindwa kumjibu. Kitu hiki kipo kweli duniani au tunakibuni? Na nipige kura gani? – Raia Namba 12*

Marahaba. Kitu hicho kipo, na huhitaji kufukua mambo ya kale ili ukione. Malaysia imekuwa nacho tangu uhuru wake mwaka 1957. Majimbo 9 ya nchi ile yana watawala wa kurithi, wengi wao masultani, na kila baada ya miaka 5 watawala hao hukutana na kumchagua mmoja wao awe mfalme wa nchi nzima, Yang di-Pertuan Agong. Kura ni ya siri. Anayependekezwa hapiti mpaka apate kura 5. Muda wake ukiisha anarudi kwenye jimbo lake, na mwingine anashika kiti. Papa naye ni mtawala wa dola, Vatikani, na hupatikana kwa kura za makardinali.

Na kama unataka watu wanaofanana na ninyi, wako Seborga, kijiji cha mlimani kaskazini-magharibi mwa Italia, chenye wakazi wapatao 300. Mwaka 1963 walimchagua mkulima wa maua, Giorgio Carbone, awe mtawala wao, naye akajiita Giorgio wa Kwanza. Alikaa mpaka alipofariki mwaka 2009. Waliomfuata wamechaguliwa kwa kura, kwa vipindi vya miaka 7. Nadhani baraza lenu limeichukua hiyo 7 kutoka huko. Si vibaya, ila muulize kama kuna aliyekaa akafikiri kwa nini iwe 7.

Sasa kaka yako. Usimpuuze, maana ana hoja nzito kuliko wewe unavyoipima. Jibu la haraka ambalo watu humpa mtu kama yeye ni kwamba rais hufanya siasa na mfalme hafanyi. Halitoshi. Ujerumani na Ireland zina marais ambao kazi yao kubwa ni heshima, na wanachaguliwa. Kwa hiyo neno "mfalme" peke yake halimtofautishi mtu na rais. Kinachomtofautisha ni jinsi anavyofika kwenye kiti na anachokikuta mezani akishaketi.

Nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote. Ndani ya Malaysia hiyohiyo kuna jimbo liitwalo Negeri Sembilan. Mtawala wake hapatikani kwa kumrithi baba moja kwa moja. Huchaguliwa na wakuu 4 wa maeneo ya jadi, wanaoitwa Undang. Lazima atoke katika ukoo wa kifalme, na wale wakuu 4 wenyewe hawawezi kugombea. Wanaochagua hawachaguliki. Hebu litafakari hilo kwa makini. Kwa sheria hiyo moja, anayeshika kura hana sababu ya kujipigia debe, na anayetamani kiti hana kura mkononi. Na mfalme wa kwanza wa Malaysia nzima, yule wa 1957, alitoka jimbo hilo hilo.

Ukilinganisha na pendekezo lenu utaona tofauti. Ninyi mnasema raia wote 58 watachagua, na raia yeyote, kwa jinsi ilivyoandikwa, anaweza kugombea. Maana yake kutakuwa na kampeni. Kutakuwa na upande wa fulani na upande wa fulani. Kama baada ya hapo mfalme huyo ana mamlaka ya kukataa sheria ya baraza, au kumwondoa waziri, basi kaka yako amesema kweli: mmechagua rais mkamvisha taji, tena rais wa miaka 7. Lakini kama katiba yenu inamwachia mfalme kazi ya kufungua baraza, kutia saini, kupokea raia wapya na kuwa uso wa nchi, huku serikali ikiongozwa na mtu mwingine anayeweza kuondolewa kesho, basi mna ufalme kweli, hata kama taji lilipatikana kwa kura. Umeniandikia swali la kura, hukuniandikia kifungu cha mamlaka ya mfalme. Nenda kakisome kabla hujaendelea na safu hii, kwa sababu jibu la kaka yako limo humo.

Umerudi? Tuliangalie swali lenyewe, maana hapa ndipo roho yangu inapopata joto.

Swali lenu lina mambo matatu ndani ya sentensi moja: kwamba mfalme achaguliwe, kwamba wachaguzi wawe raia wote, na kwamba kipindi kiwe miaka 7 chenye kurudiwa. Mtu anayetaka la kwanza na hataki la tatu afanye nini?

Nakwambia haya kwa sababu yalitupata. Miaka 6 iliyopita nchi yangu ilipiga kura ya jambo hilihili. Tulikuwa raia 46. Swali letu lilikuwa mapacha wa lenu, isipokuwa kipindi kilikuwa miaka 10. Kura zilikuja kwa posta, bahasha ndani ya bahasha, na tulizihesabu kwenye meza yangu ya chakula mimi na mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Zilirudi 39. Tulipofika karibu na mwisho nilifungua moja ambayo visanduku vyote viwili vilikuwa vitupu. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko mdogo wa mtu aliyezoea kuandika kwa uangalifu, palikuwa na maneno haya: "Kuchagua, ndiyo. Miaka kumi, hapana. Nifanyeje?"

Tuliiweka katikati ya meza. Shahidi wa upande wa Ndiyo alisema ni Ndiyo, maana jambo kubwa amelikubali. Shahidi wa Hapana alisema ni Hapana, maana pendekezo zima halikubali. Wote wawili walikuwa na haki. Kanuni zetu zilisema kura isiyo na alama kwenye kisanduku imeharibika, nami nikaandika "imeharibika" na kalamu ikanitetemeka. Matokeo yalikuwa Ndiyo 20, Hapana 18, moja imeharibika. Mtu aliyefikiri kuliko sisi sote tuliotunga swali ndiye ambaye kura yake haikuhesabiwa.

Kilichofuata ndicho kilichoniuma zaidi. Wale 18 hawakusema "tumeshindwa." Walisema hawajui wameshindwa kwenye jambo gani. Wengine walitaka jamhuri, wengine walitaka ufalme wa kurithi uendelee, wengine walichukia tu ile miaka 10. Hapana moja ilikuwa imebeba nyoyo za watu watatu tofauti. Mtu akishindwa kwenye swali lililo wazi hujipanga upya. Akishindwa kwenye swali la vumbi hubaki na kinyongo, na nchi ya watu 46 haina nafasi ya kuficha kinyongo.

Linganisha na Norway mwaka 1905. Walikuwa wameachana na Uswidi na walihitaji mkuu wa nchi. Walimwendea Mwanamfalme Carl wa Denmark. Yeye alijua kwamba Norway kuna wengi wanaotaka jamhuri, akasema hataki kuingia bila wananchi kuulizwa. Wakaulizwa mwezi Novemba: je, mnaafiki bunge liiruhusu serikali imwombe Carl awe mfalme? Mtu mmoja, kiti kimoja, swali moja. Kura 259,563 zilikubali na 69,264 zikakataa. Bunge likamchagua, akajiita Haakon wa Saba. Sisemi kwamba waliokataa walifurahi. Nasema kila mmoja wao alijua alichokikataa.

Tena angalia aliyedai kura ile ipigwe. Ni yule ambaye kura ingeweza kumnyima kiti. Mfalme wenu anayeondoka angefanya jambo kubwa kama angesimama vivyo hivyo na kusema, kabla ya siku ya kura, kwamba matokeo yoyote atayaheshimu na hatampigia debe yeyote.

Jambo jingine ambalo swali lenu limelikalia kimya: nani anaweza kugombea? Ugiriki walijifunza hili kwa njia ngumu. Mwaka 1862 walimpindua mfalme wao Otto, kisha wakapiga kura ya kumtafuta mwingine bila kuwa na orodha ya wagombea. Kila mtu alimtaja amtakaye. Alfred, mtoto wa Malkia Victoria wa Uingereza, alipata kura 230,016, ushindi wa kufunika kila kitu. Lakini Uingereza, Ufaransa na Urusi zilikuwa zimekwisha kukubaliana kwamba hakuna mtu wa familia zao za kifalme atakayekalia kiti cha Ugiriki. Kura zile zote zikawa bure. Aliyekuwa mfalme mwaka uliofuata, kwa jina la George wa Kwanza, ni mwanamfalme wa Denmark ambaye kwenye kura ile alipata kura 6. Sita! Watu zaidi ya laki mbili walikwenda wakasema wanamtaka nani, na jibu lao halikuweza kutumika kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema nani anaruhusiwa na nani yuko tayari. Kwenu hili litakuja kwa sura ndogo: mtamchagua raia aliyeacha kujibu barua tangu miaka miwili iliyopita kwa sababu tu wote mnampenda.

La mwisho, nalo ndilo ningelipigania kwa nguvu zangu zote: kiti kikiwa kitupu, nani anashika nchi, na kwa siku ngapi?

Poland ilichagua wafalme wake kwa miaka zaidi ya 200. Mfalme Sigismund August alipofariki Julai 1572 bila mtoto, waungwana wa nchi ile walikubaliana kwamba atakayefuata atachaguliwa nao wote. Mwaka 1573 wakamchagua Henri, ndugu wa mfalme wa Ufaransa, wakamtaka atie saini masharti ya kutawala. Alivishwa taji Februari 1574. Hesabu mwenyewe: mwaka mmoja na miezi saba bila mfalme aliyevikwa taji. Ndugu yake alifariki kule Ufaransa mwishoni mwa Mei, na mwezi Juni Henri alitoroka usiku kwenda kuchukua kiti cha huko. Ikabidi wampe tarehe ya mwisho ya kurudi, hakurudi, wakatangaza kiti kitupu, wakaanza upya, na safari hiyo kambi mbili zikatangaza wafalme wawili. Watu husema uchaguzi wa wafalme ndio ulioiua Poland. Mimi siamini kwamba kura yenyewe ilikuwa sumu. Sumu iliingia kwenye ule muda wa katikati, mara kwa mara, kila mfalme alipofariki: wageni wenye fedha, mikataba mipya ya kumbana mfalme mpya, majeshi mpakani. Katiba yao ya tarehe 3 Mei 1791 iliamua kiti kiwe cha kurithi ndani ya ukoo mmoja, lakini walikuwa wamechelewa. Kufikia 1795 nchi ilikuwa imegawanywa ikaisha.

Sasa tazama Malaysia tena. Tarehe 6 Januari 2019 mfalme aliyekuwepo alijiuzulu katikati ya kipindi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Tarehe 24 watawala wakamchagua mwingine. Tarehe 31 akaapa. Siku 25. Na katikati hapo palikuwa na naibu ambaye naye alikuwa amechaguliwa mapema kwa kazi hiyo. Hakuna aliyelazimika kukimbizana kutafuta nani atie saini.

Sisi kwetu, baada ya ile Ndiyo yetu ya kura 20, tulikaa miezi 14 bila mfalme. Hatukuwa tumeandika tarehe ya uchaguzi, hatukuwa tumeandika nani atashika nafasi. Baraza lilisema kazi hiyo ni ya msimamizi wa kura, yaani mimi. Mimi nikasema sina mamlaka hayo, na kweli sikuwa nayo. Raia 11 walijitoa katika miezi ile. Sikuwahi kuwalaumu.

Umeniuliza upige kura gani. Kwa swali lilivyo sasa, ningepiga Hapana, ingawa naupenda ufalme wa kuchaguliwa na nautetea. Lakini kura haijafika bado, na ndiyo maana nimejibu kwa urefu huu. Andikia baraza wiki hii. Waombe wapige kura mara mbili. Ya kwanza iulize jambo moja: mfalme wetu akiondoka, anayefuata apatikane kwa kuchaguliwa, kwa kurithi, au tuwe jamhuri? Waweke yote matatu kwenye karatasi, kila raia ayapange kwa mapendeleo yake, ili hata kaka yako awe na mahali pa kuweka alama yake. Ikishinda ya kuchagua, ndipo lije pendekezo la pili lenye vifungu: wachaguzi, wagombea, muda, naibu, na siku za mwisho za kujaza kiti. Mwombe kaka yako atie saini barua hiyo pamoja nawe. Mnatofautiana kwenye jibu tu. Kwenye haja ya swali safi mko pamoja.

*Mwalimu, mimi ni binti wa mwanzilishi wa nchi yetu. Tangu nina miaka 9 naitwa mrithi. Sasa wanataka kupiga kura ili kiti kiwe cha kuchaguliwa. Baba ananiambia niwe na moyo mkubwa, lakini najiona kama ninafukuzwa nyumbani. Je, ni ubinafsi nikipiga Hapana? – Mrithi wa Zamani*

Si ubinafsi. Kura ni yako kama ya raia mwingine yeyote, na hakuna kanuni inayomtaka mtu apige kura dhidi ya nafsi yake ili aonekane mwema. Ukiamini kwamba kurithi kunaipa nchi yenu utulivu, sema hivyo hadharani na upige kura yako mchana kweupe.

Ila naomba nikutoe kwenye hilo neno "kufukuzwa". Kiti cha kuchaguliwa hakimfungii nje mtoto wa mtawala. Denmark kwa karne nyingi, mpaka mwaka 1660, kisheria mfalme alikuwa wa kuchaguliwa, na bado kwa kawaida aliyechaguliwa alikuwa mtoto wa mfalme aliyetangulia. Watu walimjua, walimwona akikua, wakampa. Tofauti ni kwamba walimpa wao. Kule Seborga, binti yake Giorgio wa Kwanza aligombea mwaka 2019 na hakushinda; aliyeshinda ni Nina Menegatto. Sikufichi hilo, kwa sababu laweza kukupata. Lakini aligombea. Alisimama mbele ya watu waliomjua baba yake akawaomba kura.

Wewe una miaka mingapi ya kuijua nchi hiyo kwa ndani? Unajua nani alishona bendera ya kwanza, nani aligombana na nani kuhusu wimbo wa taifa. Mgombea mwingine atayasoma hayo kwenye kumbukumbu. Ombi langu moja ni hili: kwenye kikao kijacho dai kifungu cha wagombea kiandike waziwazi kwamba watoto wa mwanzilishi wanaruhusiwa kugombea. Nimeona mahali ambapo watu, kwa kuogopa urithi urudi kwa mlango wa nyuma, waliwafungia nje watoto wa mfalme. Huko ndiko kufukuzwa, na hapo ningekuwa nyuma yako.

*Tukipiga kura tukawa na mfalme wa kuchaguliwa, kuna nguvu yoyote ya kisheria? Kuna nchi itakayotutambua kwa kuwa tumepiga kura? – Mwanasheria Mtarajiwa*

Hapana, na usikubali mtu awaambie vinginevyo. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 unataja mambo manne yanayoifanya dola: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Namna ya kumpata mkuu wa nchi haimo. Seborga walipiga kura mwaka 1995 kuhusu katiba yao na uhuru wao: 304 wakakubali, 4 wakakataa. Ni umoja ambao serikali nyingi zingeulilia. Na bado kijiji kina meya wake kwa sheria ya Italia na wakazi wanalipa kodi Italia. Hutt River, iliyojitangaza Australia ya Magharibi mwaka 1970, ilidumu miaka 50 bila kutambuliwa na Australia, ikafungwa mwaka 2020.

Kura yenu inawafunga ninyi mliokubaliana kufungwa nayo. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kuiandaa kwa uangalifu zaidi. Dola kubwa ikipiga kura mbovu ina polisi na mahakama za kuilazimisha ikubalike. Ninyi mna neno lenu tu.

*Nusu ya raia wetu hawajibu barua. Tuliwahi kupiga kura mara mbili na zote zikakosa akidi. Safari hii tunachagua mfalme, na wagombea wawili wana nguvu sawa. Ikitokea wamelingana, tufanyeje? – Katibu Aliyechoka*

Ndugu katibu, uchovu wako naujua mpaka mifupani.

Anza na daftari. Siku 60 kabla ya kura mtumie kila raia ujumbe mmoja wenye swali moja tu: bado upo? Asiyejibu baada ya kukumbushwa mara mbili ahamishiwe kwenye orodha ya raia walio likizo. Uraia wake unabaki, anarudi kwenye orodha ya wapiga kura siku yoyote akiandika, lakini hahesabiwi kwenye akidi. Fanyeni hivyo kabla majina ya wagombea hayajatangazwa, kwa sababu mkifanya baadaye kila jina mnaloliondoa litaonekana ni hila ya upande mmoja. Kwetu zoezi hilo lilitushusha kutoka majina 35 hadi 27, na kura iliyofuata walijibu 25.

Kuhusu kulingana, kuna kisa cha Viterbo, Italia. Papa Clement wa Nne alifariki mwishoni mwa 1268. Makardinali wakakutana pale kumchagua wa kufuata wakashindwa kupatana, mwezi baada ya mwezi. Wenyeji wa mji waliwafungia ndani, wakawapunguzia chakula, na mwishowe wakaling'oa paa la jengo walimokuwa. Hata hivyo mpaka alipopatikana Gregory wa Kumi, Septemba 1271, ilikuwa imekaribia miaka mitatu. Yeye ndiye aliyeweka, mwaka 1274, sheria ya kuwafungia wachaguzi mahali pamoja na kuwabana kwa chakula siku zinavyozidi kwenda, na mkutano wa kumchagua papa unafanyika kwa kufungiwa mpaka leo.

Ninyi hamna makardinali wa kuwafungia. Mna raia waliotawanyika, kila mtu na kazi zake, na kitakachowabana ni kalenda. Wakilingana, kura irudiwe baada ya siku 14 kwa wagombea walewale wawili. Wakilingana tena, baraza lichague mmoja wao ndani ya siku 7 kwa kura ya siri. Baraza nalo likilingana, ipigwe kura ya bahati mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na naibu ashike nchi mpaka siku hiyo. Wako watakaosema bahati nasibu haimfai mfalme. Waulize wangependa kukaa bila mfalme kwa miezi mingapi, uandike jibu lao kwenye kumbukumbu za kikao.

Na hayo yote, siku 14, siku 7, na jina la naibu, yawe yamepitishwa na kutiwa saini na wagombea wote wawili kabla hujatuma bahasha ya kwanza. Ukiwa tayari nitumie rasimu yako. Nitaisoma usiku huohuo.